Sarafu ya Thelathini na Saba

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumatano, mlinzi wa zamu ya mchana aligonga mlango wa chumba cha mizani mara tatu, akasikiliza, kisha akaufungua kwa ufunguo wake. Mzee Sikio alikuwa ameulalia mkono wake mezani, shavu juu ya kitambaa cheusi, glovu za pamba bado zimo vidoleni. Damu ya kisogoni ilikuwa imekwisha kukauka. Karibu na mguu wa kiti lilikuwa limeanguka jiwe la mizani la kilo mbili, la shaba, lililokuwa likikaa rafuni kama pambo tu. Mbele yake, trei ya sarafu ilikuwa wazi.

Mlinzi alifanya yote ambayo mlinzi hufundishwa kufanya. Hakugusa kitu. Alifunga mlango, akapiga simu polisi, akasimama pale pale kuwangoja. Kwa malipo ya uaminifu huo, saa mbili na nusu walimpekua, wakamkuta na sarafu ya Kichina ya madini ya fedha kwenye mfuko wa shati. Saa tatu kasorobo alikuwa ndani ya gari, mikono nyuma.

Saa tatu na robo simu ililia kwa fundi mizani.

"Fundi, njoo jumba la makumbusho na mizani yako ndogo," alisema Inspekta. "Nina sarafu inatakiwa kuandikwa uzito na thamani kwenye hati ya mashtaka. Mthamini waliyekuwa naye ndiye maiti."

"Mshtakiwa ni nani?"

"Mlinzi wao."

"Huyo ni shemeji yangu, afande. Kaka wa marehemu mke wangu."

"Ah. Basi usije."

"Mizani za kupima chini ya gramu mji huu ziko mbili. Moja yangu. Nyingine iko hapo na maiti, na ni kielelezo, huwezi kuigusa."

Inspekta alishusha pumzi. "Njoo. Lakini upime tu, usihutubu. Mahakama inaanza saa nane, nataka faili langu lifike kabla."

Fundi aliishia darasa la saba, na kila aliyemwajiri alimkumbusha hivyo siku ya mshahara. Lakini kupima alijua. Tena alijua kitu kimoja zaidi, ambacho hakufundishwa shuleni: mkewe alikata roho wodini, kando ya mtungi wa oksijeni uliobandikwa karatasi "UMEJAA". Karatasi ilikuwa na saini ya mkubwa fulani. Mtungi ulikuwa mtupu. Tangu siku hiyo, akiona saini, hutazama kwanza kilicho chini yake.

Chumba cha mizani kilikuwa na dirisha moja, meza moja, rafu, na tangazo la kanuni lililowekwa kwenye fremu ya kioo ukutani. Maiti ilikuwa imeondolewa. Mkurugenzi wa jumba alisimama karibu na dirisha, suti ya kijivu, miwani ndani ya kijaluba chake mfuko wa juu wa koti. Wafanyakazi walimwita Bwana Saini, kwa siri, kwa sababu ukimpelekea karatasi haichukui hata dakika kurudi na saini.

"Huyu ndiye fundi?" aliuliza, bila kumtazama. "Afanye haraka. Wizara imeshapiga simu mara mbili."

"Maelezo yako ninayo, mheshimiwa," alisema Inspekta, akifungua faili. "'Niliondoka kazini saa kumi kamili jioni ya Jumanne. Trei ilikuwa na sarafu thelathini na sita. Leo imepungukiwa na moja, ambayo ndiyo iliyokutwa kwa mlinzi.' Na umesaini."

"Ndiyo hivyo."

"Kitabu cha getini kinaonyesha ulitoka saa ngapi?" aliuliza Fundi.

Mkurugenzi alicheka puani. "Kitabu cha getini ni cha wafanyakazi."

"Fundi," alisema Inspekta. "Pima."

Fundi alitandika kitambaa, akaisawazisha mizani yake, akaweka sarafu iliyotoka mfukoni mwa shemeji. Upande mmoja joka, limejikunja katikati ya mawingu. Upande wa pili herufi za Kichina ambazo hakuzijua hata moja. Juu ya joka palikuwa na alama tatu ndogo za kugongwa kwa nyundo, na ukingoni pengo dogo kama jino la mtoto.

"Gramu ishirini na tatu nukta nne," alisema.

"Andika hiyo," Inspekta alijiambia mwenyewe, akiandika. "Thamani?"

"Subiri." Alivaa glovu, akachukua sarafu nyingine kutoka kwenye trei. Ishirini na sita nukta nane. Nyingine, ishirini na sita nukta saba. Ya tatu, nukta tisa. "Hii ya kwanza ni nyepesi mno, afande. Hizi zilitengenezwa zote kwa uzito mmoja. Zikichakaa zinapungua punje, hazipungui gramu tatu."

"Zimezeeka," alisema Mkurugenzi.

"Zimezeeka pamoja, mheshimiwa."

Daftari la Mzee Sikio lilikuwa pembeni ya taa. Inspekta hakuwa amelifungua. Fundi alilifungua. Mzee alikuwa na macho mabovu, mtoto wa jicho pande zote mbili, ndiyo maana herufi zake zilikuwa kubwa kama za ubao wa darasa. Sarafu alizitambua kwa mizani na kwa sikio: aliweka moja kwenye ncha ya kidole, akaigonga na nyingine, akasikiliza mlio wake. Fedha halisi huimba muda mrefu. Ukurasa wa mwisho ulisomeka:

*Jumanne, saa 10:20 jioni. Na. 14. Gramu 23.4. Sauti: bubu. Si yenyewe. Nimeitoa. Nafasi iachwe wazi.*

"Afande, shemeji alisemaje kuhusu hii sarafu?"

"Alisema mzee alimpa jioni amshikie mpaka asubuhi, asimwonyeshe mtu. Kila mwizi amepewa na mtu, Fundi. Sijawahi kukutana na mwizi aliyechukua mwenyewe."

"Umezihesabu zilizobaki?"

Inspekta alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alitazama saa yake.

Fundi alihesabu kwa sauti, kidole juu ya kila shimo la trei. Alipofika thelathini na tano alipunguza mwendo. "Thelathini na sita," alisema. "Trei imejaa. Na namba kumi na nne ipo."

Ilikuwa saa nne na dakika hamsini.

Aliinyanyua namba kumi na nne, akaiweka kwenye mizani. Ishirini na tatu nukta nne. Akaiweka juu ya kitambaa kando ya ile ya mfukoni. Joka na joka. Alama tatu na alama tatu, mahali pale pale. Pengo la ukingoni, mahali pale pale.

"Zamani mfanyabiashara akipokea sarafu ya fedha," alisema Fundi, "aliigonga muhuri wake mdogo, kuwaambia wenzake ameijaribu, ni nzuri. Kila mtu na nyundo yake, kila mtu anagonga anapotaka. Nimetengeneza mizani za masonara miaka kumi na tisa, ndiko nilikoyasikia haya. Unaweza kukuta watu wawili wanafanana sura. Huwezi kukuta wawili wana makovu yale yale."

"Unasema nini?"

"Hizi zimemwagwa kwenye kalibu moja, umbo lililonakiliwa kutoka sarafu moja ya kweli. Shaba, juu zimepakwa fedha. Zote mbili ni bandia. Jana saa kumi na dakika ishirini nafasi hii ilikuwa wazi. Leo asubuhi imezibwa. Kama shemeji angeiba moja, afande, trei ingekuwa na thelathini na tano. Sasa tuna thelathini na saba. Umewahi kuona mwizi anayeongeza mali?"

Inspekta aliweka kalamu chini. Mkurugenzi alisema ana simu ya kupokea, akatoka.

Ufunguo wa pili wa chumba ulining'inia kwenye kabati la ofisi, na kabati hilo watu wawili walilifungua: Mkurugenzi na mtunza stoo, mama wa makamo waliyemwita Mama Stoo. Walimkuta akipanga maboksi huku amekunja uso.

"Jumatatu uligombana na marehemu," alisema Inspekta.

"Aliniambia glovu zangu zinanuka sabuni. Nami nikamwambia yeye ananuka ubani. Ndiyo ugomvi huo. Mnataka kunifunga kwa ubani?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nilitoka saa kumi na nusu. Angalieni kitabu, nimeandika. Sisi wadogo tunaandika." Alimgeukia Fundi. "Shemeji yako umemwona?"

"Bado."

"Nasikia wamempeleka chumba cha nyuma pale kituoni, kile cha kulazimisha watu waseme."

Fundi alitoa namba kumi na nne ndani ya karatasi, akaigeuza mbele ya dirisha la stoo. "Mama, hebu tazama hapa. Huu mstari ni nini?"

Katikati ya joka, kutoka ukingo hadi ukingo, ulipita mstari mweusi mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ile ya mfukoni haikuwa nao. Wala upande wa pili wa hii hii, upande wa herufi, haukuwa nao.

Mama Stoo alirudi nyuma hatua moja kama aliyeonyeshwa nyoka. "Raba bendi hiyo! Nani kafunga fedha kwa raba bendi?"

"Umejuaje?"

"Nimejuaje? Miaka miwili iliyopita nilifunga vijiko vya fedha kwa raba bendi, kwa miezi miwili tu, vikatoka na mistari hiyo hiyo. Mpira unaila fedha, unaichoma. Nilisimamishwa wiki mbili bila mshahara. Halafu ikatoka kanuni ya kukataza raba bendi, ikawekwa kwenye fremu chumba cha mizani, ofisini, chooni, kila mahali. Ya nne. Humu ndani hata mfagizi anaijua kwa moyo. Tukiona raba bendi tunakimbia."

"Kanuni iliandikwa na nani?"

"Niliiandika mimi, kama adhabu. Aliisaini bosi."

Fundi alikaa juu ya boksi. Mpaka dakika ile alikuwa amemshuku mama huyu: alikuwa na ufunguo, alikuwa na ugomvi, alijua kila shimo la trei. Sasa alimwona kama mtu pekee asiyeweza kufanya kosa lile. Mlinzi asingelifanya. Mfagizi asingelifanya. Ndani ya jengo zima, aliyeweza kufunga fedha kwa raba bendi ni mtu ambaye hakuwahi kusoma kanuni ile.

"Namba kumi na nne ya kweli ina bei gani?" aliuliza.

"Mzee aliniambia Jumatatu, kabla ya ubani. Zile thelathini na tano ukizikusanya unanunua pikipiki nzuri. Ile moja, nyumba na kiwanja chake. Za aina yake kiwanda kilizitoa miezi michache tu, zikarudishwa zikayeyushwa. Zilizobaki duniani unazihesabu kwa vidole."

"Afande," alisema Fundi, "mstari uko upande mmoja tu. Raba bendi ikizunguka sarafu moja inachoma pande zote mbili. Hii ilifungwa mgongo kwa mgongo na nyingine. Upande wa ndani umesalimika. Basi mahali fulani kuna mwenzake, mwenye mstari upande mmoja tu. Mstari wake uko kwenye joka, kama huu."

"Mahali gani?"

"Kwa mtu aliyejua leo polisi watajaa jengoni. Mimi ningekuwa yeye nisingeiacha kwenye droo."

Saa sita na dakika arobaini walikuwa wanne chumba cha mizani. Mkurugenzi aliingia wa mwisho, akabaki karibu na mlango.

"Inspekta, nimezungumza na mkuu wako. Amesema hii kesi imekwisha. Mlinzi amekiri."

Inspekta alitazama sakafu.

"Amekiri saa ngapi?" aliuliza Fundi.

"Saa sita," alisema Inspekta, kwa sauti ndogo. "Wamenipigia sasa hivi. Lakini sema ulichotaka kusema."

"Swali langu ni dogo." Fundi alionyesha fremu ukutani. "Mheshimiwa, kanuni ya nne inasemaje?"

"Mchezo gani huu?"

"Ina saini yako."

"Nasaini karatasi mia kwa siku."

"Basi kisia."

"Kunawa mikono. Kutovuta sigara. Nini hasa?"

Mama Stoo alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa.

"Isome tu, mheshimiwa," alisema Fundi. "Iko hatua mbili."

"Sina miwani."

"Si hiyo mfukoni, bosi?" alisema Mama Stoo.

Kijaluba kilikuwa pale pale, mfuko wa juu wa koti, ambapo kilikuwa tangu asubuhi. Mkurugenzi alikigusa, kisha akashusha mkono.

"Vaa miwani, mheshimiwa," alisema Inspekta. "Usome. Tumalize."

"Siwezi kuamrishwa na fundi wa mizani za buchani."

"Nimekuamrisha mimi."

Hakusogea. Inspekta alinyoosha mkono, kiganja juu, akangoja. Labda ndilo jambo la kwanza la maana alilolifanya siku ile. Ilichukua muda, lakini kijaluba kilitoka. Ndani yake, chini ya miwani, palikuwa na kitambaa cha kufutia, na ndani ya kitambaa sarafu, na kandokando raba bendi mpya, ya manjano.

Fundi aliichukua kwa kingo. Joka. Alama tatu, pengo moja. Mstari mweusi ulipita juu ya joka. Upande wa herufi ulikuwa safi. Aliibandika mgongo kwa mgongo na ile ya trei, akaizungusha taratibu mpaka mistari miwili ikakutana ukingoni, ikawa mshipi mmoja. Kisha akaiweka kwenye mizani.

"Ishirini na sita nukta nane."

Aliiweka kwenye ncha ya kidole, kama alivyowaona masonara wakifanya, akaigonga kidogo. Ililia mlio mrefu, mwembamba, ukakaa hewani. Mama Stoo alifunika uso.

"Ulimwaga mbili," alisema Fundi. "Moja ukaiweka kwenye trei, ya pili ukaibakiza, ukaifunga pamoja na ya kweli. Bodi ya jumba ilipodai mthamini, ukamchagua mwenye macho mabovu. Hukuuliza anapima kwa kitu gani. Jana akakuambia namba kumi na nne ni bubu."

"Aliniita kwenye chumba changu mwenyewe," alisema Mkurugenzi. Sauti yake haikupanda. "Akasema ataandika. Nikamwambia, mzee, wewe hata mimi hunioni vizuri, andika ni nzuri tu. Akasema anasikia vizuri. Nimebakiza miezi miwili nistaafu. Miaka ishirini na sita nimeshika vitu vya watu waliokufa, vya thamani, nikivifuta vumbi ili wageni wavitazame. Na nyumba ninayokaa imeshaandikwa jina la anayekuja. Mnataka nitoke na nini? Cheti?"

"Na mzee mwenyewe alikuwa na nini?" aliuliza Fundi.

"Nilimwomba ile bandia. Akasema hana. Nilimwomba mara tatu." Akatazama rafu. "Jiwe lilikuwa karibu."

"Ukaona nafasi iko wazi, ukaweka ya pili ili hesabu itimie."

"Nani angehesabu?" alisema, akamtazama Inspekta, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema kweli tupu.

Walimtoa kwa mlango wa nyuma, ili wageni wasimwone. Hakufungwa pingu. Askari aliyemfungulia gari alimwambia, "Angalia kichwa, mheshimiwa."

Kituoni, saa nane kasoro dakika tano, Inspekta alichana karatasi ya kukiri vipande vinne, akavitia kapuni, akasema ataandika taarifa. Hakuomba radhi. Labda hakuwa na fomu yake. Fundi alisainishwa kwamba amepokea mtu mmoja, mkanda mmoja, jozi moja ya viatu.

Shemeji alitoka akiburuza mguu. Jicho la kulia lilikuwa limefumba, na vidole vya mkono wa kulia vimevimba, havikunji. Alikaa benchi la ukumbini, viatu mapajani, akavitazama kama vitu vya mtu mwingine.

"Wamempata," alisema Fundi. "Ni bosi wako. Ameshasema mwenyewe."

Shemeji alitikisa kichwa, si kwa kukataa, si kwa kukubali.

"Shemeji, mimi nilisaini."

"Najua."

"Niliwaambia nimemuua yule mzee. Mzee aliyenipa kitu nimtunzie."

"Walikulazimisha."

"Mwanzo, ndiyo. Lakini walikuwa wanauliza vile vile, vile vile. Ulilishika hivi? Ulisimama huku? Kufika saa sita nilikuwa naona mkono wangu umeshika lile jiwe. Naona kabisa. Hata sasa nauona."

Fundi alipiga magoti kwenye sakafu ya kituo, mbele ya askari wa kaunta aliyekuwa akipiga mihuri, akamvalisha shemeji yake kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, akaanza kuzifunga kamba za viatu.

"Imekaza sana?"

"Hapana."

"Hebu simama tuone."